Bwana Harusi wa Miambani

Ukimwuliza Suad binti Abdulhakim kwa nini anawapenda sili, atakujibu kwamba sili hawasengenyi. Kisha atakutazama kwa yale macho yake ya kupimia mwanga, aone kama umeelewa. Kama wewe ni mtu wa Pwani unayeishi Sydney, umeelewa zamani, maana hakuna Mswahili mjini hapa asiyejua kisa chake. Kama si wa huko, vuta kiti usikie.

Suad alizaliwa Kibokoni, Mombasa. Akaolewa, mumewe akamleta Australia, na hapahapa Australia akafiwa naye. Akabaki na nyumba ya kupanga Mount Druitt, kazi ya kuwatunza wazee kule Westmead, na kamera. Kamera ndiyo iliyomfanya ajulikane. Watu wa Mombasa, Unguja na Tanga hapa Sydney si wengi, wanajuana wote, na wakioana lazima apatikane mwanamke wa kupiga picha siku ya kupamba.

Siku ya kupamba si mchezo. Bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake peke yao, nywele zimemwagika mgongoni, mabega wazi, hina imepanda hadi viwiko, na hakuna mwanamume anayeruhusiwa kutia hata pua. Simu zote hutiwa kikapuni mlangoni. Uwe mama wa bwana harusi, uwe mgeni kutoka Dubai, simu yako kikapuni kwanza, ndipo uingie. Kamera iingiayo ni moja tu, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Suad. Alipiga, akachapa, akampa bibi harusi albamu mkononi, na haikusikika hata siku moja kwamba picha imevuja. Wanawake walimwamini kuliko walivyowaamini dada zao wa tumbo moja. Naye alilijua hilo, akatembea nalo kifua mbele.

Likaja la Sumeiya.

Sumeiya alikuwa nesi, msichana mpole asiyejua kupandisha sauti, na alikuwa anaolewa na kijana wa mtaa wa Minto. Baada ya kupambwa, kabla ya nikaha, picha yake akiwa ameketi kitini, nywele na mabega wazi, ikaanza kuzunguka kwenye simu za wanaume. Ilitoka Minto ikafika Mombasa, ikarudi. Mjomba mmoja wa bwana harusi aliitia kwenye kundi la ukoo na kuuliza kama huyu ndiye mke mliyetuambia ana haya. Baba yake Sumeiya alishindwa kumtazama mwanawe usoni. Ndoa ilifungwa, lakini bibi harusi alilia kilio ambacho kila mtu ukumbini alijua si cha furaha.

Nani kaivujisha? Lina alikuwa na jibu. Huyu Lina ni dada wa bwana harusi, yaani wifi yake Sumeiya, mwanamke mrembo, mwenye ulimi, mwenye kupenda kusimamia shughuli za watu. Alisimama katikati ya wanawake akasema, "Simu zetu zote zilikuwa kikapuni. Yangu hii ya kava la pinki mliiona wote ilipotiwa. Kwani aliyekuwa na kamera mle ndani ni nani? Mimi simtaji mtu."

Lina akishasema hamtaji mtu, ujue mtu keshatajwa.

Suad alijitetea mpaka koo likamkauka. Aliwaambia picha ile imepigwa na mtu aliyeketi, naye hakuketi hata dakika. Aliwaambia kamera yake haitoi rangi za namna ile, hizo ni rangi za simu. Nani alisikiliza? Ukoo wa Sumeiya haukuweza kunyoosha kidole kwa wakwe, binti yao anaingia nyumba ile leo. Kumnyooshea mjane asiye na mtu ilikuwa kazi nyepesi. Wala hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walimsalimu, walimwalika arusini kwa kadi kama mtu yeyote, walimpakulia pilau, wakamwuliza hali ya miguu. Kamera yake tu ndiyo hawakuitaka tena. Picha zikawa zinapigwa na binti mmoja kutoka Auburn, na mlangoni, kikapu mkononi, akasimama Lina.

Basi Suad akamchukia Lina. Alimchukia akipika chai asubuhi, alimchukia kwenye treni, alimchukia akiwabadilisha wazee mashuka. Alimwombea kila baya isipokuwa kifo, kwa sababu maiti haaibiki. Watu wazuri watakwambia chuki humla mwenye nayo. Huyu chuki ilimnenepesha. Alitembea haraka zaidi, alilala vizuri, na alikuwa na jambo la kusubiri.

Lakini kamera ilikuwa inamwasha mikononi. Siku moja ya mapumziko alipanda treni hadi Central, akapanda tramu, akapanda basi hadi La Perouse, mwisho wa njia, ambako hakuna mtu anayemjua. Akafuata njia ya miguu iendayo Henry Head, bahari upande mmoja, vichaka upande mwingine, akitaka tu kupiga picha za mawimbi. Akaketi. Chini yake, kwenye mwamba bapa, jiwe moja likanyanyua pezi likajikuna shingo.

Hivyo ndivyo alivyomwona sili wa kwanza maishani, yule mnyama wa bahari mwenye manyoya ya kahawia, masikio madogo na masharubu ya paka. Alicheka peke yake kama mwendawazimu. Tangu siku hiyo hakuna mapumziko aliyokaa nyumbani. Akajifunza kwamba ukitaka kumpata sili usitafute sili, tafuta jiwe lenye unyevu katikati ya mawe makavu. Majini humwoni mwili, unaona pezi limesimama juu limetulia tuli, na wapita njia hudhani ni papa au ni mtu anayezama, kumbe mwenyewe anaota jua. Akajifunza kuufuata upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isitangulie, kulala kifudifudi, na kukaa mbali, mita arobaini kwa uchache, kama sheria ya hapa inavyotaka. Akanunua lenzi ndefu iliyotumika, nzito kama mtungi wa gesi. Na kutoka kwa wazungu wazee anaokutana nao kule miambani akajifunza adabu ya kazi. Mahali alipolala sili hapatangazwi. Na ukimwona mtu anamsogelea mno, unapiga ukelele arudi.

Sili aliyempenda kuliko wote alikuwa dume moja kubwa lenye kovu shingoni. Kila msimu wa baridi lilikuja kulala kwenye mwamba uleule chini ya Henry Head, kidevu juu, kifua mbele, halifanyi kazi yoyote, linasubiri kutazamwa. Suad alimwita Bwana Harusi.

Jumamosi moja baada ya Idi kubwa, baridi ya Juni inauma masikio, Suad alikuwa amelala juu ya jabali, Bwana Harusi yuko chini, mbali inavyopasa. Sauti za wanawake zilikuwa zikimjia kutoka ufuko wa Congwong, hakuzijali. Kumbe walikuwa wanawake wetu. Walikuwa wamekuja mandari ya Idi na masufuria yao na majamvi yao, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Mtu mmoja akatokea peke yake kwenye njia. Akashuka miambani, abaya kaikusanya mkononi. Suad akamgeuzia lenzi. Alikuwa Lina.

Lina alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna kiumbe. Akavua ushungi, akaupachika mkobani, akafungua nywele upepo uzichezee. Kisha akatoa simu, na hapo Suad akakaza jicho kwenye lenzi. Mdomoni mwa mkoba ilikuwa imechomoza simu ya kava la pinki, ile ambayo Sydney nzima inaijua. Mkononi Lina alishika nyingine, nyembamba, nyeusi.

"Mshenzi wewe," Suad alisema, kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia.

Lina alitaka picha yake na mnyama. Akampa sili mgongo, akainua simu, akatabasamu, akarudi nyuma kidogo. Hakuridhika. Akarudi nyuma tena. Watu hudhani sili hawezi mbio za nchi kavu, kwa vile akilala ni kama gunia la mchele. Suad alijua anaweza, tena sana. Alifungua kinywa apige ukelele kama adabu inavyotaka. Akakifunga. Sitamsingizia usahaulifu, alikifunga kwa makusudi, akaweka kidole juu ya kitufe, akasubiri kwa raha.

Bwana Harusi aliinuka. Hakutoa onyo refu. Alikuja kwa mapezi yote manne, meno wazi, anabweka, na Lina alipogeuka alikuwa tayari yuko juu yake. Mwanamke alipiga yowe, akateleza, akaketi kwa kishindo ndani ya dimbwi, miguu juu, kiatu kimoja kikaelea. Sili akasimama mbele yake, shingo ndefu, maji yakiruka kutoka masharubuni na jua likipita ndani ya kila tone. Kamera ililia ta-ta-ta-ta. Kisha mnyama akageuka, akajitupa baharini, akaenda. Lina akajizoazoa, akaokota kiatu chake, akafunga ushungi kombo, akapanda kurudi kwa wenzake akichechemea.

Suad aliitazama ile picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Lina alikuwa humo mzimamzima na aibu yake yote. Lakini sili! Katika miaka yote hakuwahi kupiga sili namna ile, yuko hai mpaka unamsikia anavyopumua. Ilikuwa picha bora aliyopata kupiga maishani, na alilijua hilo kabla ya kulijua lingine lolote.

Kazini Westmead alikuwa na rafiki mmoja, Shirleen, binti wa Nairobi, Mkristo, mcheshi, anayemwita Auntie. Wakati wa chai Suad akamwonyesha. Shirleen nusura ajimwagie chai yake.

"Auntie! Hii ni moto! Huyu si ndiye yule dame alikuharibia jina?"

"Ndiye."

"Sasa unangoja nini? Rusha kwa grupu yenu saa hii. Wacha akule dawa yake. Ama nikuwekee TikTok?"

Suad alitikisa kichwa. "Niirushe wanaume wamwone nywele? Kesho watasema nini? Watasema, mwaona, si Lina alisema Suad ndiye atoaye picha za wake za watu? Nitakuwa nimemtolea ushahidi mwenyewe."

"Eh. Kweli." Shirleen alifikiri. "Basi si useme ako na simu mbili? Ile nyeusi inaonekana."

"Simu mbili si kosa, mwanangu. Nusu ya shift yetu hapa wana simu mbili. Mimi nataka aitoe ukumbini, siku ya kupamba, yangu na yako ziko kikapuni. Aitoe kwa mkono wake mwenyewe, wanawake wote wakiona."

"Na ataitoa aje? Huyo si mjinga."

"Si mjinga. Lakini ana ugonjwa," Suad akasema, na hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Lina hawezi kugombana bila kurekodi. Alimrekodi jirani kwa ajili ya mapipa ya taka. Alimrekodi dereva wa basi. Alimrekodi mwalimu wa mwanawe mpaka skuli wakamwita. Mtie hasira tu, mkono wake waenda kwenye simu wenyewe. Hata akiwa usingizini."

Shirleen alimtazama mwanamke huyu mnene, mtulivu, anayewalisha wazee uji kwa kijiko. "Auntie," alisema, "nakuogopa sasa."

Iliyobaki ilikuwa kusubiri, na kusubiri Suad alifundishwa na sili. Kila akitoka kazini alifungua kompyuta akaitazama ile picha. Alikunywa chai akiitazama. Akimwangalia Lina, roho ilipoa. Akimwangalia sili, kitu kingine kilimgusa. Alikuwa amerudi Henry Head mara nyingi tangu siku ile, na mwamba ule ulikuwa mkavu. Bwana Harusi hakurudi tena. Wazee wa miambani walimwambia labda kuna mtu alimtia hofu. Suad akawajibu labda.

Majira ya kiangazi yakaingia na habari ikaja kwamba mdogo wake Sumeiya anaolewa. Kupamba ni alasiri ya Jumapili, ukumbi wa Minto. Kadi ya Suad ilifika kama kawaida. Akampigia Sumeiya simu, jambo ambalo hakulifanya tangu picha ilipovuja.

"Bi Suad," Sumeiya alisema, na sauti yake ilijikunja mara moja.

"Mwanangu, sikupigii kwa ya zamani. Nataka kumtunza mdogo wako, na nilichonacho ni picha zangu za baharini. Bibi harusi hachelewi kuchelewa, watu hukaa wakahesabu taa. Niwaonyeshe ukutani wakisubiri. Watoto watafurahi."

Ilisikika friji ikinguruma upande wa pili.

"Mna watu humo?" Sumeiya akauliza.

"Aliyemo humo, wanawake waruhusiwa kumwona."

Hilo lilikuwa jibu la kweli, na mtu mwingine angeling'amua mara moja. Sumeiya alikuwa amechoka na uhasama, na pengine siku zote hizi moyo ulikuwa ukimsuta kwa kuwa hakuwahi kumtetea mwanamke huyu kwa neno moja. Akasema sawa, zionyeshwe.

Jumapili ukumbi ulinukia udi na mafuta ya sambusa. Mlangoni alisimama Lina, kapendeza kweli, gauni la kijani, na kikapu kikubwa mkononi. "Simu, simu, tafadhali, hakuna udugu hapa," alikuwa akiimba. Ya kwake ya kava la pinki ililala juu kabisa, kila aingiaye aione. Suad alitia yake. Shirleen, aliyealikwa kama mgeni wa Suad na kujifunga mtandio kwa heshima, alitia yake. Lina alimtazama Suad na kompyuta yake kwapani.

"Karibu, Bi Suad. Naambiwa leo watuletea samaki."

"Sili, dadangu. Si samaki."

"Haya. Maadamu hawavui nguo," Lina alisema, na waliokuwa karibu wakacheka kidogo, ule mcheko wa kuinamisha kichwa.

Suad aliingia. Alikuwa na wasiwasi kwamba hasira itapoa akishawaona watu, kwa kahawa ya tangawizi na vicheko vya watoto. Mcheko ule ulimtosha.

Bibi harusi alichelewa, kama ilivyojulikana atachelewa. Shirleen akaketi kwenye kompyuta, mwanga ukapiga ukuta mweupe, na sili wakaanza kupita. Sili anapiga miayo. Sili wawili wanagombea mwamba. Pezi limesimama majini. Wanawake wakasogeza viti, mashallah zikaanza kumwagika, na bibi mmoja wa Tanga akauliza kwa sauti, "Analiwa huyo?"

"Haliwi, bibi," Suad akajibu. "Ni marufuku hata kumsogelea."

"Hata kumsogelea?"

"Hata kumsogelea. Na asogeleaye huyaona." Akamkonyeza Shirleen.

Ukuta mzima ukawa Lina. Nywele wazi, mdomo wazi, amekaa dimbwini miguu juu, kiatu kinaelea, na sili mkubwa kuliko mlango amemsimamia. Kwa muda wa kupepesa jicho hakuna aliyeelewa. Kisha mtu mmoja akaguna, "Yule si Lina?" na ukumbi ukapasuka. Walicheka wanawake wale mpaka wakashikana. Walipiga vigelegele. Bibi wa Tanga alipangusa machozi kwa ncha ya kanga akiuliza kama na huyo pia haliwi. Kumbuka hakuna haramu iliyotendeka. Wote walikuwa wanawake, mlango umefungwa, simu ziko kikapuni. Nywele za Lina waliziona kila arusi.

"Zima!" Lina alikuwa akija katikati ya viti, kikapu bado mkononi, uso umemvimba. "Zima hiyo! Wewe, nani wewe, zima!"

"Ngoja kidogo, imekwama," alisema Shirleen, mikono ikiwa mapajani.

"Kwani wakereka nini, Lina?" Suad aliuliza. Hakusimama. Alitafuna kisheti polepole. "Picha nzuri hii. Mimi simtaji mtu."

Hapo ndipo ugonjwa ulipopanda.

"Mwamwona?" Lina alipaza sauti. "Mwamwona mlivyomkaribisha? Si niliwaambia ndiye huyu! Haya, sema tena! Sema tena nikurekodi! Hii yaenda polisi leo, hii yaenda polisi!" Na mkono wake ukaingia kifuani mwa gauni, ukatoka na simu nyembamba, nyeusi. Akaielekeza ukutani, akaielekeza kwa Suad, akairudisha ukutani, na taa yake ndogo ikawaka.

Kicheko hakikuisha kwa mara moja. Kiliisha kiti kwa kiti, kuanzia mbele, jinsi kila mmoja alivyoiona. Mwisho walinyamaza hata watoto. Lina alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja kikapu cha simu za watu na ya kava la pinki juu yake, mkono mwingine simu inayorekodi. Alichelewa kuelewa kwa nini hakuna anayecheka tena. Kisha aliutazama mkono wake.

Suad alimeza kisheti. Miaka mitatu alikuwa ameifikiria ladha ya saa hii, na haikuwa pungufu hata chembe. Ilikuwa tamu mpaka miguuni.

"Ah," Lina alisema. "Hii... hii ni ya kazini."

Bibi wa Tanga alinyoosha shingo aione vizuri.

Sumeiya akasimama. Alikuwa ameketi karibu na kiti cha bibi harusi, na alitembea taratibu kati ya watu, yule asiyejua kupandisha sauti, akafika mbele ya wifi yake.

"Siku yangu uliingia nayo?" aliuliza.

Lina alitazama huku na huku. "Sumeiya, jamani. Nilimtumia shangazi yetu mmoja tu. Alikuwa kitandani Mombasa, hawezi safari, alitaka amwone mke wa mwanawe. Yeye ndiye aliyempa mtu. Mimi ningejuaje?"

"Na kwamba ni Bi Suad, ulijuaje?"

Lina aliweka kikapu chini, akaokota simu yake ya pinki, nyingine ziligongana zikaanguka, akaenda mlangoni. Hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Mlango ulipojifunga wanawake wakaanza kuzungumza wote pamoja, na wale waliokuwa wameinamisha vichwa kucheka pale mlangoni ndio waliokuwa wa kwanza kusema walikuwa wakijua tangu zamani. Suad aliwatazama, na moyoni alikuwa akiwachagulia zamu zao mmoja mmoja.

"Bi Suad," Sumeiya alisema. Alikuwa bado amesimama palepale, uso umelowa. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu."

"Sasa nawe ifute."

Suad alidhani hakusikia. "Niifute?"

"Hiyo ya ukutani. Na zote za siku ile. Iko wapi kwingine?"

"Kwenye kadi ya kamera tu, ninayo hapa mkobani. Sikumpa mtu yeyote. Lakini, Sumeiya, mtazame." Alinyanyuka. Alisahau kwamba watu wanamsikiliza, akanyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye yale masharubu na matone. "Mtazame sili. Hajarudi tena pale, simpati tena. Nitamkata Lina, nibaki na sili peke yake."

Wote wakageuka kuutazama ukuta. Nywele za Lina zilikuwa zimepita katikati ya kifua cha mnyama, zimechanganyika na maji. Ukimtoa Lina hubaki na kitu.

"Hata yangu wangeweza kunikata wakabaki na maua," Sumeiya alisema. "Hawakunikata."

Suad hakutikisika. Alibaki akimtazama sili muda mrefu kuliko ilivyofaa, na jicho moja moja likaanza kuhama kutoka mlangoni alikotokomea Lina, likaja kwake. Aliyajua macho hayo. Aliishi nayo miaka mitatu. Akainama juu ya kompyuta, Shirleen akajisogeza, na akazifuta, moja, nyingine, na nyingine, mpaka ukuta ukawa mweupe. Akatoa kadi mkobani akaifuta pia, Sumeiya akitazama.

Ndipo machozi yalipomtoka, yakashuka bila kizuizi mbele ya watu mia. Wanawake wakamzunguka. Wakampapasa mgongo, wakamwambia alie, alie tu, jina limesafika, aliyemtia matope keshaondoka. Mama wa bibi harusi akambusu kichwani, akaagiza kamera ya Suad ifuatwe Mount Druitt sasa hivi, Shirleen akaichukue kwa gari, kupamba kutasubiri. Suad alitikisa kichwa kukubali kila neno, kwa sababu lilikuwa neno alilolitaka kwa miaka, na hakuwa na nguvu za kuwaeleza. Jina halikumliza. Kwa Lina hakuwa na hata chozi moja. Alikuwa akimlilia mnyama aliyelala zake juani siku ya Idi, ambaye yeye alimwona mtu akimjia, akanyamaza.